Kivuli cha Nguzo ya Kamba

2 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu nitaziweka mwishoni kama karatasi itabaki, maana nina mengi. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Unasema "sawa, Dada, nimeelewa" kabla sijafika hata katikati. Barua huwezi kuikatiza.

Mama ametoka hospitali juzi. Kiharusi kimemwachia upande wa kushoto tu. Mkono wa kulia umelala, mguu wa kulia vilevile, na maneno yote yamekwenda isipokuwa moja: "kule". Akitaka maji ni kule, akitaka kugeuzwa ni kule, akinikasirikia ni kule kwa sauti ya juu.

Chumba chake unakijua. Kile kidirisha kilikuwa kinamtosha kwa sababu alikuwa anaingia mle kulala tu; mchana kutwa alikuwa uani na nguo za watu. Miaka arobaini amekuwa mfuaji, hana saa ya mkononi wala ya ukutani, anaangalia nguzo ya kamba na kivuli chake anakwambia ni saa ngapi. Mimi nafua kwa mashine kwenye chumba cha kufulia cha hospitali na nguo zinakauka ndani ya pipa la chuma, na hajawahi kuacha kunicheka kwa hilo. Sasa mtu huyo nimemlaza gizani kama gunia la viazi. Muuguzi anayekuja kumnyoosha viungo amesema wazi: jua limpate kila siku, mifupa na mapafu yake vinalihitaji, na msimu wa baridi unakuja. Peke yangu siwezi kumtoa nje. Jirani wa mlango wa kijani na mumewe hunisaidia Jumapili tu.

Kwa hiyo tunaongeza chumba kwenye ile nafasi kati ya nyumba yetu na nyumba ya jirani. Pande mbili zitakuwa zimezibwa na kuta za nyumba, basi dirisha litazame ama uani ama njiani, hakuna pengine. Wewe ndiye mchoraji wa majengo katika familia hii. Chora. Kitanda cha Mama kipate jua, ombi langu ni hilo tu.

Nilipokuwa napanga nguo zake nimeliona tena shati lako jeupe, lile uliloliacha kambani asubuhi ya safari kwa sababu mvua ililinyeshea. Miaka kumi na moja, na kila mwaka hulifua, hulianika, hulipiga pasi na kulirudisha kwenye droo. Mwaka jana nilimwuliza anafulia nini shati lisilo na mvaaji. Akaniambia nishughulike na yangu.

Dada yako


19 Aprili

Dada,

Nimesoma barua yako mara mbili. Pole, na nampa pole Mama. Mchoro huu hapa. Nimeupiga kwa rula, vipimo vyote vimo.

Dirisha kubwa, mita mbili kwa moja na nusu, litazame kusini, yaani uani. Hilo si la kujadili. Huku nilipo nyumba zote nzuri hutazama kusini, na wanaotafuta nyumba huuliza hilo kabla ya kuuliza ina vyumba vingapi. Jua huzunguka upande huo kutwa nzima. Ukuta wa njiani, yaani wa kaskazini, uzibwe kabisa. Upande huo hauleti kitu ila baridi na vumbi. Kitanda kikae hatua mbili kutoka dirishani.

Fundi asikubadilishie. Mafundi wa kwetu nawajua, kila mmoja ana lake. Mwambie mchoro umetoka ofisini.

Kuhusu kuja, mwaka huu kazi zimebana. Mwakani nitajitahidi.

Mdogo wako


11 Mei

Mdogo wangu,

Msingi umekwisha na kuta zinapanda. Fundi mwashi alitazama mchoro wako, akaugeuza, akautazama tena. Akaniuliza, "Dirisha kubwa uani? Kwa ajili ya jua?" Nikamwambia mchoro umetoka ofisini kwa mchoraji wa majengo, kazi yake yeye ni kukoroga saruji. Akakoroga.

Jumapili tulimtoa Mama na kiti aje aone. Ukuta wa njiani ulikuwa umefika usawa wa kifua. Akautazama, akanyoosha mkono wake mzima: kule. Fundi akaacha mwiko. Kule, kule, mpaka mate yakamtoka. Nikajiuliza ana nini na ukuta ule, mwisho nikaelewa: anataka picha ya Baba itundikwe pale, kama ilivyokuwa inatazamana na kitanda chao zamani. Nikamwahidi. Akafumba macho, nadhani aliridhika.

"Mwakani" yako nimeisoma. Ni ya kumi na moja, nazihesabu.

Dada yako


27 Mei

Dada,

Umefanya vizuri kumwelewa. Picha itundike pale pale.

Kwangu siku zimekuwa ndefu. Natoka kazini saa kumi na mbili jioni na jua bado liko juu. Najua kwenu ni kinyume, mnaingia kwenye baridi wakati sisi tunatoka, ndiyo maana nataka chumba kiwe tayari mapema. Barua hii naiandika nimekaa kwenye dirisha langu, jua limenilalia magotini. Nikifikiri kwamba Mama naye atakaa hivi, moyo unatulia. Nina mengi sijamfanyia. Hili angalau nimelifanya.

Niambie jua linafika kitandani saa ngapi.

Mdogo wako


14 Juni

Mdogo wangu,

Chumba kimekwisha. Tumekipaka rangi nyeupe. Mama amehamia. Kila kitu kiko sawa.

Picha ya Baba niliitundika ukuta wa njiani, lakini Mama bado anaonyesha kidole. Nikaisogeza kulia. Nikaisogeza kushoto. Nikaishusha, nikaipandisha, marehemu amesafiri ukuta mzima na hajapata pa kutua. Jana Mama alinirushia kikombe. Bahati nzuri ni cha plastiki.

Muuguzi amempa penseli ashike kwa mkono wa kushoto, eti akili ijifunze njia mpya. Jumapili iliyopita tulimkalisha uani tangu asubuhi mpaka jua linazama, naye akachora hii unayoiona nyuma ya nakala ya mchoro wako. Ni nyumba, nguzo ya kamba, tangi la maji, jua na mwezi. Kisha akagongagonga kidole kwenye bahasha yako, kwa hiyo naituma.

Shughuli ni nyingi, naishia hapa.

Dada yako


29 Juni

Dada,

Hujanijibu jua linafika kitandani saa ngapi. Lakini sasa kuna kubwa zaidi ya hilo.

Mchoro wa Mama nimeuweka mezani siku tatu. Nyumba nimeitambua, na tangi lile upande wa kusini, na nguzo katikati. Ila kivuli cha nguzo amekilaza kuelekea tangini, na jua kaliweka juu ya paa la nyumba. Haiwezekani. Mchana jua liko kusini, kivuli lazima kije upande wa nyumba. Juzi nimesimamisha fimbo huku saa ya mchana nikahakikisha: kivuli kimeelekea kaskazini, sawasawa kama nilivyotarajia.

Halafu mwezi. Amechora nusu, tumbo lake linaangalia kushoto. Jumapili hiyo hiyo mwenzangu alinionyesha mwezi tukiwa kwenye uwanja wa karakana, mchana mweupe bado. Ulikuwa nusu kweli, lakini tumbo lilikuwa kulia. Mwezi ni mmoja, Dada, hakuna wa kwenu na wa kwetu.

Mama huyu alikuwa anajua saa kwa nguzo ile ile. Wateja walikuwa wanampitia wakienda kazini kumwuliza. Nadhani kiharusi kimemgeuzia kulia na kushoto, mbele na nyuma, vyote. Naurudisha mchoro ndani ya bahasha hii, upeleke kwa daktari. Na kama ndivyo ilivyo, basi hata kule kwake kusikusumbue sana, huenda hajui anachoonyesha.

Niliona nisikuandikie hivi, nimeandika. Nimelia pia.

Mdogo wako


12 Julai

Mdogo wangu,

Kabla ya kwenda kwa daktari nilimpa muuguzi mchoro, nikamsomea na maelezo yako. Akatoka nao uani. Ilikuwa saa sita na kitu. Akaangalia nguzo, akaangalia karatasi, akaniuliza, "Kosa liko wapi?"

Kivuli kilikuwa kimelala kuelekea tangini. Nikasema labda ni siku ile tu, nikaweka mawe. Siku tano nimeweka jiwe pale ncha ya kivuli inapofika kinapokuwa kifupi kuliko saa zote. Mawe yote matano yako upande wa tangi, yamepangana unaweza kudhani nimeyapanga makusudi. Na mwezi niliuona mimi, akauona jirani na mumewe, tumbo kushoto. Kwa hiyo kama kichwa cha Mama kimegeuka, basi vyetu sote vimegeuka pamoja naye, na cha muuguzi.

Sasa nikwambie nililokuficha. Jua halijawahi kuingia kwenye chumba chako. Hata siku moja, hata upana wa kidole. Dirisha ni zuri, watu wanalisifu, linatuonyesha uani kote, na jua liko huko uani linaangaza tangi huku chumba kimekaa kwenye kivuli chake chenyewe. Ukuta wa kitandani umeota ukungu wa kijani. Mama akaanza kukohoa. Mwisho wa Juni alilazwa siku sita, kifua. Siku ile barua yako ya "huenda hajui" inafika, ndiyo kwanza nimemrudisha nyumbani. Daktari amesema kifua kile kikimrudia kabla baridi haijaisha, haahidi kitu.

Sikukuandikia kwa sababu ulisema umekaa na jua magotini unamfikiria, nikaona nikuachie raha yako. Na nilidhani nimekosea mimi. Nilidhani nimeushika mchoro kichwa chini. Mimi nafua mashuka, wewe umesoma majengo, ningekuambia nini? Fundi aliniuliza mara moja tu na nikamnyamazisha kwa jina lako.

Nimekukasirikia sana. Nimejikasirikia na mimi. Nijibu upesi, na usiniletee habari za mwakani.

Dada yako


25 Julai

Dada,

Barua yako imefika jana. Sikwenda kazini leo.

Nilichukua kitunguu na vijiti viwili vya kiberiti. Kwenye mizizi nikasema hapa ni kusini, kwenye shina nikasema hapa ni kaskazini. Kijiti kimoja nikakichomeka juu kidogo ya tumbo la kitunguu, huyo ni mimi. Kingine chini kidogo ya tumbo, huyo ni wewe. Nikafunga pazia, nikawasha tochi, nikaielekeza tumboni. Kivuli changu kikaelekea shina. Chako kikaelekea mizizi. Tochi ni ile ile, kitunguu ni kile kile, sikusogeza kitu. 

Dunia ni mviringo. Tuliambiwa darasa la nne na mimi ndiye niliyepata alama zote. Kumbe niliikariri tu. Jua linapita juu ya tumbo la dunia. Mimi niko upande wa juu wa tumbo hilo, kwa hiyo nikilitafuta mchana nageukia kusini. Ninyi mko upande wa chini, mnalitafuta kaskazini. Na dunia haikusimama wima, imeinama. Nilipokiinamisha kitunguu shina lije karibu na tochi, kivuli changu kikafupika na chako kikarefuka. Hiyo ndiyo Juni: huku jua kali na siku ndefu, huko baridi na siku fupi. Nikikipeleka upande wa pili wa tochi bila kukigeuza mwinamo wake, mambo yanabadilishana. Desemba jua litawarudia, litapita karibu na utosi, na kivuli cha nguzo hakitakuwa na pa kwenda ila chini ya nguzo yenyewe. Mama alikuwa anatuambia hivyo tukiwa wadogo, kwamba Desemba nguzo inakalia kivuli chake, unakumbuka?

Mwezi nao ni hivyo hivyo. Nikiutazama nimegeukia kusini, magharibi iko mkono wangu wa kulia. Ukiutazama wewe umegeukia kaskazini, magharibi iko mkono wako wa kushoto. Jua lilikuwa magharibi, na ndilo linaloangaza mwezi, mwezi hauna moto wake. Tumbo la mwezi liliangalia magharibi kwetu sote. Nilijua misimu yetu ni kinyume, nikakuambia kwa majivuno kabisa, wala sikuwahi kufikiri kwamba na ukuta wa jua utakuwa kinyume.

Mama hakukosea mahali popote. Karatasi nzima, aliyekosea ni mimi.

Kuna jambo jingine, na nikiliacha leo sitaliandika tena. Mimi si mchoraji wa majengo. Sijawahi kuwa. Nakata vioo kwenye karakana ya madirisha, mwaka wa tisa sasa. Kabla ya hapo nilikuwa nabeba mizigo. Mchoro ule niliuokota kwenye pipa la karatasi pale kazini, nyumba ya mtu wa huku, nikanakili chumba kimoja na kuandika vipimo vyenu. Nilipofika huku nilisema nimepata kazi ya kuchora kwa sababu nilidhani nitaipata mwezi unaofuata. Ndiyo maana ya mwakani zote. Nilikuwa nangoja niwe nilichowaambia, halafu nije. Uongo wangu ndio uliomnyamazisha fundi wako. Kama kifua kile kingemchukua Mama, ningekuwa nimemuua kwa rula.

Picha ya Baba haikuhitaji kusafiri. Mama alikuwa haonyeshi picha, alikuwa anaonyesha ukuta. Alianza kutuambia tangu ukuta ukiwa usawa wa kifua. Mwite fundi leo, mwombe radhi kwa niaba yangu, avunje pale pale anapoonyesha Mama. Asingoje mchoro.

Mdogo wako


17 Agosti

Mdogo wangu,

Fundi alikuja siku ile ile niliyopata barua. Hakusema "nilikuambia". Alitaka kusema, nilimwona anavyotafuna midomo, lakini alichukua nyundo. Mama alimwongoza kutoka kitandani: kule, na mkono ukaenda juu kidogo, kule, ukaenda kushoto. Fundi akaweka alama kwa chaki kila anapoambiwa. Tundu limetokea pale pale ilipokuwa picha ya Baba. Sasa Baba amehamia juu ya kabati na hakuna anayemsumbua.

Tofali la tatu lilipotoka, jua liliingia na vumbi lote. Lilianzia sakafuni, na kufikia saa nne lilikuwa kitandani.  Mama aliushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akauinua, akaulaza penye jua, akaunyoosha vidole kimoja kimoja kama anavyonyoosha kola akianika. Nikatoka nje, nikamwambia fundi nakwenda kumletea maji. Jua lilikaa mpaka saa tisa.

Hizo ni wiki mbili zilizopita. Ukungu umekauka, nimeukwangua na kupaka rangi upya. Kikohozi kimebaki cha asubuhi tu. Muuguzi amesikiliza kifua akasema kinaendelea vizuri, na maneno yanaanza kurudi: juzi amesema "maji", na jana amesema "mjinga", alikuwa ananiangalia mimi.

Barua yako nilimsomea yote, pamoja na kile kipande cha kazi. Hukuandika nisimsomee. Nilipofika kwenye kitunguu alinifanya nilete kimoja, nikakichomeka vijiti, tukakiweka palepale juani. Nilipofika kwenye pipa la karatasi alifumba macho, nikadhani amekasirika. Kisha akacheka kwa ule upande wa mdomo unaocheka. Mimi sikucheka. Miaka kumi na moja nimewaambia watu una ofisi. Lakini nimefikiri, na hasira imeniishia njiani: kukata kioo ni kazi, tena ndiyo ninayoihitaji, kwa sababu dirisha jipya halina kioo. Fundi amebandika nailoni, na upepo ukija inapigapiga Mama anashindwa kusinzia. Vipimo vya dirisha ninavyo hapa. Sikutumii. Tulipopima kwa barua umeona yaliyotokea. Njoo upime mwenyewe.

Jumatatu Mama alinionyesha droo. Akanionyesha beseni. Nikafua alichotaka kifuliwe, naye akanisimamia kwa macho mpaka povu likaisha. Kisha akanionyesha kule, nikafunga kamba ndani ya chumba, kutoka msumari wa dirisha hadi msumari wa mlango, nikakianika penye jua.

Karatasi imebaki, kwa hiyo salamu: jirani wa mlango wa kijani anakusalimu, muuguzi pia, na fundi anauliza kama ofisi yako inachora vyoo. Ukurasa unaofuata ni wa Mama. Ameuandika kwa mkono wa kushoto siku nne, na kila nilipotaka kumshika mkono alinipiga.

Dada yako


Mwanangu

shati limekauka

njoo